Uzuri wa Kijapani katika maisha ya kila siku: mwongozo kamili wa kuanzia nyumbani kwako

Ukitafuta picha za nyumba za Kijapani mtandaoni utaletewa kitu kilekile: chumba cheupe, mbao nyepesi, kiti kimoja, mmea mmoja. Wengi huvutiwa, kisha hukata tamaa, kwa sababu nyumba yao ina watoto, ndoo za maji, cherehani kwenye kona na wageni wasioisha. Mwongozo huu ni wao hasa. Uzuri ninaouzungumzia haudai nyumba tupu wala pesa nyingi. Unadai mikono: kushika, kupanga, kuosha, kushona, kuunga kilichovunjika. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni kazi ya kufanya, na vya kununua ni vichache sana.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu Japani yenyewe, maana nchi hiyo haina ladha moja. Hekalu la Tōshō-gū kule Nikkō, lililojengwa upya mwaka 1636, limejaa nakshi, rangi na dhahabu kuanzia msingi hadi paa. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa miaka ya mwisho ya karne ya 16, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu kilichoweza kufunguliwa na kuhamishwa. Na bwana huyohuyo alihudumiwa na Sen no Rikyū (1522–1591), gwiji wa chai anayehusishwa na Tai-an, chumba kilichopo Yamazaki karibu na Kyoto: ukubwa wa mikeka miwili ya tatami, yaani mita za mraba tatu na ushei, kuta za udongo uliochanganywa na majani makavu, na madirisha madogo. Mwenyeji na mgeni hukaa humo magoti yakikaribia kugusana. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue, na sababu yake inabishaniwa hadi leo.

Tai-an ni mkondo mmoja tutakaoufuata. Wa pili ni wa Yanagi Sōetsu (1889–1961), ambaye mwaka 1925, pamoja na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō, alianza kutumia jina mingei kwa sanaa ya watu wa kawaida: mabakuli ya wali, vikapu, birika, nguo za shamba, kazi za mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mwaka 1936 alifungua jumba la makumbusho la Nihon Mingeikan huko Komaba, Tokyo. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo hupata uzuri wake kwa kutumika. Mimi naiamini hoja hiyo kabisa, na ndiyo inayoongoza mpangilio wa hatua hizi.

Hatua ya kwanza: chagua bakuli moja, ulijue

Anza na chombo cha kulia au kunywea, kimoja tu. Ndicho kitu kinachoguswa na kiganja na mdomo kila siku, na Wajapani wamekitilia maanani kupita kiasi. Mjapani hali wali bakuli likiwa limekaa mezani. Hulinyanyua kwa mkono wa kushoto akalisogeza karibu na kinywa. Umbo lote limetokana na desturi hiyo moja. Mdomo wa bakuli la wali huwa na upana wa sentimita 12 hivi ili lienee kiganjani. Chini lina kitako cha mviringo kilichoinuka, vidole vipate mahali pa kushika pasipounguza. Uzito wake hauchoshi mkono. Katika familia nyingi kila mtu ana bakuli lake na vijiti vyake, na mtoto hukua akijua lipi ni la baba.

Bakuli la chai limekwenda mbali zaidi. Chōjirō, mfinyanzi wa Kyoto wa karne ya 16, aliyaumba mabakuli yanayoitwa Raku kwa mikono mitupu, bila gurudumu, kufuata ladha ya Rikyū. Ni meusi au mekundu, hayana picha, na ukingo wake unapanda na kushuka kidogo. Udongo wake huchomwa kwa joto dogo kuliko kaure, hivyo hubaki na vitundu vingi vidogo ndani na joto la chai hupita polepole. Mnywaji analishika kwa mikono miwili na kupata uvuguvugu bila kuungua.

Si lazima chombo chako kitoke Japani. Nenda kwa mfinyanzi, sokoni au hata kabatini kwa bibi, ukakague hivi:

Fumba macho ulishike kwa mikono miwili. Uzito uwe chini, karibu na kitako. Bakuli zito ukingoni hutaka kupinduka. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote, kisha uuguse kwa mdomo wa chini. Ukikwaruza, liache, hata kama rangi yake imekuvutia.

Ligeuze juu chini. Wapenzi wa chai hukaa muda mrefu zaidi hapa kuliko kwenye pambo lolote, kwa sababu kwenye kitako glezi, ule utando wa kioo unaong'aa, huishia, na udongo unaonekana ulivyo: chembe za mchanga, alama ya kisu cha mfinyanzi, pengine na vidole vyake alipokuwa akilichovya. Tone la glezi lililoganda kabla ya kufika chini huhesabiwa kuwa fahari ya bakuli.

Ligonge kwa ukucha. Bakuli zima hulia. Lenye ufa uliofichika hutoa sauti butu. Mwisho liweke mezani na ulisukume kidogo. Likiyumba, rudisha. Na vyombo vya mapambo vilivyopakwa rangi ya mafuta visiingie kabisa kwenye chakula.

Ukishalipata, liandae. Ikiwa ni la udongo (kaure haihitaji hili), liweke kwenye sufuria, mimina maji uliyooshea mchele hadi lizame, pasha kwa moto mdogo, liache litokote taratibu kwa dakika 15 hadi 20, kisha lipoe humohumo. Wanga wa mchele huziba vile vitundu, na mchuzi hautaacha harufu. Baada ya hapo lowesha bakuli kwenye maji safi dakika chache kabla ya kila mlo, lioshe mara baada ya kula, na ulikaushe hadi ndani kabisa kabla ya kulifungia kabatini. Unyevu uliobaki huleta ukungu.

Tumia bakuli hilohilo kila siku. Vyombo vya Hagi, mji wa magharibi mwa Japani, vinasifika kwa kubadilika rangi kadiri chai inavyopenya kwenye mipasuko myembamba ya glezi yake. Wenyeji huvilinganisha vipya na vilivyotumika miaka mingi, na vilivyotumika ndivyo vinavyothaminiwa zaidi. Usilisugue bakuli lako kwa waya ukidhani umelichafua.

Hatua ya pili: kipe kitu nafasi

Katika chumba cha wageni cha Kijapani kuna kishubaka kikubwa ukutani, tokonoma, chenye sakafu iliyoinuka kidogo. Huwekwa humo picha moja ya kukunjwa na chombo kimoja cha maua, basi. Kilicho muhimu ni kwamba familia ina picha nyingi kuliko hiyo moja. Nyingine zimelala kwenye masanduku ya mbao nyepesi ya kiri, zikisubiri zamu yao. Nafasi tupu unayoiona imetokana na kuzungusha vitu, hakuna aliyevitupa.

Kwa hiyo usianze kugawa mali zako. Chagua rafu moja, au meza moja ya pembeni. Ondoa kila kitu. Pangusa. Vitu ulivyotoa vigawe mara mbili: vinavyotumika kila siku vitafutiwe mahali pengine, na vya kutazamwa viingie kwenye sanduku safi lenye kifuniko. Kisha rudisha kimoja. Kisogeze upande mmoja wa rafu, theluthi moja kutoka mwisho, badala ya katikati. Sasa kaa chini sakafuni na ukitazame kutoka hapo, kwa sababu chumba cha tatami hupangwa kwa macho ya mtu aliyeketi. Mara nyingi utagundua kinahitaji kushushwa.

Badilisha kila mwezi mpya ukiandama, au kila baada ya wiki chache. Watoto hupenda kupewa zamu ya kuchagua, na huchagua vizuri.

Bustani ya mawe ya hekalu la Ryōan-ji huko Kyoto ina mawe 15 juu ya kokoto nyeupe, na ukikaa kwenye baraza yake, popote utakapokaa, walau moja litajificha. Nimelitaja hili kwa sababu ni dawa nzuri kwa anayetaka kila alichonacho kionekane kwa wakati mmoja.

Hatua ya tatu: shusha taa

Hapa kazi ni ndogo kuliko matokeo. Nyumba ya jadi ya Kijapani ina mapaa yanayotokeza mbali nje ya kuta, na milango ya karatasi ya washi inayotengenezwa kwa gome la mti wa kozo. Jua haliingii moja kwa moja. Hugonga ardhi, huruka, hupita kwenye karatasi, na kufika ndani likiwa laini. Mchongaji Isamu Noguchi alichukua wazo hilo mwaka 1951 alipotembelea Gifu, mji wa watengeneza taa za karatasi, akaanza taa zake za Akari zinazouzwa hadi leo.

Mchana, tundika pazia jeupe la pamba nyepesi kwenye dirisha linalopigwa jua. Usiku, zima taa ya dari, weka taa ndogo yenye kifuniko cha karatasi au kitambaa chini ya usawa wa macho yako ukiwa umekaa, na utumie balbu ya mwanga wa manjano; kwenye pakiti tafuta kelvini 2700. Bakuli lako la udongo litaonyesha mikunjo ambayo taa nyeupe ya dari huifuta.

Hatua ya nne: pakua chakula kwa macho

Upishi wa jadi wa Kijapani uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013. Mlo wake wa kawaida ni wali, supu moja na vitoweo vitatu vidogo. Wali hukaa mbele kushoto, supu mbele kulia, vijiti vimelala mbele ya mlaji ncha zikielekea kushoto, na vitoweo nyuma. Samaki mzima huwekwa kichwa kikiwa kushoto na tumbo likimwelekea mlaji.

Vitu vitatu tu vichukue kutoka kwenye meza hiyo, na vitafanya kazi kwa wali na mchicha, ugali na dagaa, au chochote ulichopika.

Usijaze sahani. Acha ukingo mpana ulio mtupu, na chakula ukiinue katikati kama kilima kidogo badala ya kukitandaza. Vinavyohesabika, kama vipande vya samaki au sambusa, viwe vitatu au vitano. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili huonekana hai zaidi kwenye sahani.

Vyombo visifanane. Hili huwashangaza wengi, kwani sisi tumezoea kujivunia seti. Kwenye meza ya Kijapani kuna kaure, udongo mzito, mbao iliyopakwa utomvu wa urushi na, wakati wa joto, kioo, vyote kwa mlo mmoja. Umbo la chakula huamua chombo: samaki kwenye sahani ndefu, kachumbari kwenye kibakuli kirefu kuliko upana wake, supu kwenye bakuli la mbao lisilounguza mkono. Sahani zako zilizobaki peke yake baada ya wenzake kuvunjika sasa zimepata kazi.

Na weka kitu kimoja cha juu kabisa mwishoni: jani la giligilani, nyuzi za tangawizi, ganda la ndimu lililokunwa. Kiwe kinacholika na kiendane na ladha iliyopo chini yake.

Hatua ya tano: maua matatu, vipimo vitatu

Kupanga maua ni mahali ambapo mtu asiye na mwalimu anaweza kuona maendeleo yake kwa macho, hivyo tukae hapa. Shule ya kale zaidi, Ikenobō, imeshikamana na hekalu la Rokkakudō mjini Kyoto, na kumbukumbu ya mwaka 1462 inamtaja mtawa wake Senkei aliyevutia watu wa mji kwa maua yake. Shule ya Sōgetsu ilianzishwa na Teshigahara Sōfū mwaka 1927, na mtindo wake wa mwanzo ndio nitakaoutumia, kwa sababu unapimika.

Unahitaji sahani pana yenye kina kidogo, matawi mawili, na maua machache. Unahitaji pia kishikio. Wajapani hutumia kenzan, kipande kizito cha metali chenye misumari mingi iliyosimama. Usipokipata, kunja waya wa kuku uwe kama mpira uliobanwa na uukandamize chini kwa jiwe. Ukiwa na mtungi mrefu badala ya sahani, kata kipande cha tawi kwa kipimo cha mdomo wake na ukikaze kwa ndani kama kizuizi. Shina litaegemea hapo.

Chukua shina kuu. Urefu wake ni upana wa sahani ukijumlisha na kina chake, mara moja na nusu. Sahani ya sentimita 24 yenye kina cha 6 inakupa 30, basi tawi lako ni 45. Tawi la pili ni robo tatu ya lile la kwanza, yaani 34 hivi. La tatu, ambalo kwa kawaida ni ua, ni robo tatu ya la pili: 25.

Kata vikonyo vikiwa ndani ya ndoo ya maji, kwa mkato wa kuinamia, ili hewa isiingie kwenye mishipa ya shina. Weka kishikio pembeni mwa sahani. Shina kuu lisimame karibu wima, likiinama kama nyuzi 15 kuja mbele kushoto. La pili liiname nyuzi 45 upande huohuo. Ua lilale nyuzi 75, mbele kulia, karibu ligusane na maji. Ukitazama kutoka juu utaona pembetatu isiyo na pande sawa. Ongeza vikonyo vifupi viwili au vitatu kufunika kishikio, kisha acha.

Sasa kazi halisi: punguza. Shika kila jani linalomficha jirani yake, na ulikate. Pinda tawi polepole kwa vidole gumba vyote viwili likikataa kuelekea unakotaka. Mara nyingi tawi huwa zuri pale linapobaki na jani moja kati ya matatu, na hakuna namna ya kujua kabla ya kukata. Badilisha maji kila siku.

Usinunue maua ya dukani yaliyofunguka yote. Tumia kilicho kwenye majira: tawi la mpera lenye tunda bichi, mjohoro wenye maua ya njano, jakaranda inapochanua Nairobi na Arusha mwezi Oktoba, kikonyo cha mtama kilichokauka. Ua lililofumba ni bora, kwa kuwa litakubadilikia wiki nzima.

Wajapani wameyagawa majira ya mwaka katika vipindi 72 vya siku tano tano hivi. Mfumo huo ulitoka China, na mnajimu Shibukawa Shunkai akaulinganisha na hali ya Japani kwenye kalenda ya mwaka 1685. Kila kipindi kina jina la jambo linaloonekana: barafu kuanza kuyeyuka, ndege fulani kuanza kulia. Weka daftari karibu na chombo chako cha maua na uandike lako, mstari mmoja kila siku chache: lini miembe imetoa maua, lini kusi imeanza kuvuma, lini kumbikumbi wametoka. Mwaka wa pili utajua cha kukata kabla hujatoka nje.

Hatua ya sita: kitambaa badala ya mfuko

Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia kila kitu, kuanzia chakula cha mchana hadi zawadi ya harusi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa kuhusu bunda la kanga, tena Japani yenyewe ilichapa kanga kwa ajili ya soko letu kwa miongo mingi ya karne ya 20. Kuna uhusiano mwingine wa karibu zaidi: mwaka 2005 Wangari Maathai alizuru Japani, akakutana na neno mottainai, lile sikitiko la kuona kitu kikipotea bure, akalibeba hadi Umoja wa Mataifa kama wito wa kutunza mazingira. Wajapani wengi wanamkumbuka kwa hilo.

Kipimo: urefu wa kitu unachofunga uwe kama theluthi ya kitambaa kutoka kona hadi kona. Kitenge chenye upana wa sentimita 110 ukikikata urefu huohuo kinatosha kwa sufuria au boksi kubwa. Kwa kitabu, sentimita 50 zinatosha. Kunja pindo na ushone.

Weka kitu katikati, kona ikikuelekea. Funika kwa kona ya mbele, kisha ya nyuma. Kona mbili zilizobaki zifunge mara mbili, na hapa ndipo pa kuwa makini: mkia uliokuwa juu kwenye fundo la kwanza ndio ukae juu tena kwenye la pili. Ukifanya hivyo mikia italala sambamba na kitambaa, na fundo halifunguki hata likibeba uzito. Ukikosea, mikia itasimama juu na chini, na fundo litateleza. Kulifungua, kamata mkia mmoja, uvute kuelekea upande wa pili hadi unyooke, kisha teremsha fundo lote kutoka juu yake kwa vidole.

Hatua ya saba: shona kiraka kionekane

Tsugaru, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, ni baridi mno kwa pamba kuota. Wakulima wa enzi ya Edo (1603–1868) walivaa katani, na nguo za pamba walikatazwa kuvaa. Wanawake walipita juu ya katani ile kwa uzi mweupe wa pamba, msitari baada ya msitari, hadi vitundu vya nguo vikaziba na upepo ukashindwa kupita. Kutoka kwenye haja hiyo yalikuja mapambo ya kogin, na ndugu yake sashiko anayejulikana kote nchini. Viraka vilishonwa juu ya viraka, kizazi hadi kizazi, na nguo hizo, boro, sasa huwekwa kwenye majumba ya makumbusho.

Chukua suruali ya jinzi iliyotoboka gotini. Fua nguo na kitambaa cha kiraka kwanza, ili kiraka kisije kikarudi baadaye na kukunja nguo. Weka kiraka kwa ndani, kikizidi tundu kwa sentimita tatu kila upande, na ukipige bandi kubwa za kushikilia. Kwa nje chora mistari iliyonyooka kwa rula na kipande cha sabuni kavu kama mafundi wanavyofanya, nafasi ya sentimita moja kati ya mstari na mstari.

Tumia uzi wa pamba mnene wa kudarizi, mrefu kama mkono wako. Usifunge fundo: anza kwa bandi tatu kuelekea nyuma, kisha geuka uzirudie juu yake. Bandi iwe milimita nne hivi, na ile inayoonekana juu iwe ndefu kidogo kuliko pengo, kama tatu kwa mbili. Sindano itulie na nguo ndiyo isogee: kunja nguo mbele na nyuma kwenye ncha ya sindano hadi bandi tano au sita zijae, ndipo uvute. Kila baada ya kuvuta, lainisha mstari kwa kidole gumba na shahada, kwa sababu uzi uliokaza hukunja kitambaa. Unapogeuka kwenda mstari unaofuata, acha kitanzi kidogo kwa ndani. Ukitaka misalaba, hakikisha nyuzi hazikutani katikati. Acha kitovu kiwe tupu.

Goti moja huchukua jioni kadhaa. Jinzi ikishafuliwa mara chache, kiraka na nguo huwa kitu kimoja, imara kuliko goti la upande wa pili.

Hatua ya nane: kilichovunjika

Kintsugi, ufundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika, imepigwa picha nyingi, na njiani imepoteza ukweli wake. Kinachounga vipande ni urushi, utomvu wa mti. Dhahabu ni unga mwembamba juu yake tu. Na kabla ya dhahabu palikuwa na chuma: Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yana bakuli la kijani la China liitwalo Bakōhan. Inasimuliwa kwamba lilipopata nyufa katika karne ya 15, shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alilirudisha China aletewe jingine kama hilo. China hawakuwa nalo tena, wakalifunga kwa pini za chuma na kulirejesha. Wapenzi wa chai wakalipenda kwa pini zake.

Amua kwanza kama chombo kitarudi kwenye chakula. Kama ni cha kutazamwa tu, gundi kali ya sehemu mbili iliyochanganywa na unga wa rangi ya dhahabu inatosha, na usile wala kunywa humo. Kama kitatumika, njia ni urushi halisi. Utomvu mbichi huwasha ngozi vibaya sana kwa watu wengi, hivyo vaa glavu na mikono mirefu, na watoto wakae mbali.

Saga kingo za mipasuko kwa msasa laini, kidogo tu. Zipake urushi mbichi na uufute. Kanda unga wa ngano na maji hadi uvutike, ongeza urushi kiasi sawa, paka nyembamba pande zote mbili, subiri kidogo, kisha bana vipande na uvifunge kwa tepu. Urushi hukauka kwa kuvuta unyevu hewani, kinyume na rangi za kawaida. Kiweke chombo kwenye boksi lenye kitambaa chenye majimaji, joto la nyuzi 20 hadi 30, unyevunyevu wa asilimia 70 hadi 85. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja mara nyingi atakuta hewa ya nyumbani kwake imeshafika hapo bila boksi. Subiri wiki mbili au zaidi.

Mapengo yajazwe kwa urushi uliochanganywa na unga laini wa udongo, kidogo kidogo, kila tabaka likikauka kabla ya jingine. Sugua kwa msasa wa maji hadi kidole kisihisi ngazi. Paka mstari mwembamba wa urushi mweusi, kausha, sugua, rudia. Mwisho paka mwekundu, mwembamba kadiri uwezavyo. Ukianza kushika lakini bado unanata, nyunyiza unga wa dhahabu kwa brashi laini. Fedha au shaba hugharimu kidogo, ila hufifia. Kazi nzima ni miezi miwili au mitatu, mingi yake ikiwa ya kusubiri.

Usimimine chai ya moto humo mara moja. Kiache wiki kadhaa zaidi hadi harufu ya utomvu iishe. Baada ya hapo kioshe kwa sponji laini na sabuni kidogo, kisilowekwe usiku kucha, na kisiingie kwenye maikrowevu wala mashine ya kuoshea vyombo.